Doa Kwenye Lenzi

Harufu ya udi ilimpiga Kamila puani asubuhi, ndani ya chumba safi cha maabara ambamo hata sabuni ya manukato ni marufuku.

Wiki tatu nyuma alikuja kazini kutoka harusini mtaa wa Akalla, nywele zimefukizwa udi zikafukizika, akavaa ovaroli nyeupe na kuiinamia kamera ya darubini ya angani. Moshi uliobaki nyweleni ukaganda kwenye lenzi, ukaacha doa. Mkosaji alipotafutwa, macho yote yalimgeukia Bethuel, Mkenya mpenda marashi. Kamila alijua, akafyata ulimi. Bethuel, baba wa watoto wawili, akafukuzwa. Tangu hapo hata chakula kilimshinda Kamila kwa aibu.

Leo kamera, yenye lenzi mpya, ilikuwa inajaribiwa ndani ya tangi la chuma lililonyonywa hewa na kugandishwa. Kamera hiyo huona joto tu, na humo joto halikuwepo. Picha ilipaswa kuwa nyeusi tii.

"Kamila," alinong'ona Filip, msimamizi wao. "Kuna kitu kimekaa humo."

Kwenye skrini palikuwa na weupe uliojikunja, magoti kidevuni, na kadiri walivyoutazama ndivyo ulivyojinyoosha polepole, ukaota mabega, ukaota shingo, ukageuza kichwa kuielekea kamera, huku tangi likigongwa kutoka ndani, ko, ko, ko, na udi ukizidi kunukia, kisha picha ikawa nyeusi na kishindo kikakoma.

Kamila alikimbilia ukumbini, akampigia mama yake aliyeko Rissne, akamweleza yote.

"Udi humwita jini tu, mwanangu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kinachomkalisha ni haki ya mtu iliyodhulumiwa. Mficha uchi hazai. Mtake radhi mwenzio sasa hivi."

Akampigia Bethuel, nyumbani kwake Rågsved, machozi yakimtoka.

"Bethuel, ni Kamila. Lile doa nililileta mimi. Nilinyamaza, ukaumia wewe. Nisamehe, kaka yangu."

Nyuma ya Bethuel watoto walisikika wakicheka.

"Lakini si umeshaniambia hayo?" Bethuel alisema. "Na nimekusamehe." Kisha akashusha sauti, ikaanza kutetemeka. "Umefika hapa sasa hivi tu, ukalia, nikakukaribisha ndani. Kama ni wewe uko kwa simu, huyu amepakata watoto wangu ni nani?"