Vibao Vilivyofichwa Chini ya Kaunta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zunilda alikuwa na kazi moja: kugawa vibao vya namba mlangoni mwa kliniki. Vilikuwa vibao vidogo vya mbao, kila kimoja na namba yake kwa rangi nyekundu. Ukipata kibao, utaonana na daktari siku hiyo. Ukikosa, urudi kesho. Havikuwa vingi, kwa sababu Daktari Ubaldina alikuwa mmoja tu, naye alikataa katakata kupima watu harakaharaka kama mtu anayechambua viazi sokoni.

Kliniki ilikuwa mali ya daktari, lakini aliyeiendesha alikuwa mama yake Zunilda, Remedios. Ndiye aliyeajiri wauguzi, aliyeagiza dawa na aliyegombana na watu wa umeme. Ndiye pia aliyeweka sheria ya foleni: aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza kupewa kibao. Hakuna cha ndugu, hakuna cha jirani. Hata Doña Casta, yaani Bibi Casta, hakupendelewa.

Hapo ndipo hasira ya Zunilda ilipoanzia. Doña Casta alikuwa mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyemkata nywele zake za kwanza mbele ya ukoo mzima, na ndiye aliyemnunulia viatu vya kuanzia shule. Pale Cliza, mji wao, unaweza kumnyima mtu yeyote chochote, lakini mama wa ubatizo hanyimwi. Mama Remedios alimnyima, tena mbele za watu.

"Remedios, nipe kimoja tu," Doña Casta alisema siku moja. "Mwenzangu magoti yamemvimba, hawezi kusimama kwenye foleni."

"Akija mapema atapata kiti, akae."

"Mimi nilikushikia mtoto wako kwenye maji ya ubatizo! Leo unanijibu kama askari?"

"Mtoto ulimshika, nakushukuru. Foleni hukuishika."

Watu wote waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Doña Casta alijifunika shali yake, akaondoka midomo ikimtetemeka. Zunilda alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama mama yake akiendelea kuandika pale kaunta kana kwamba hakuna lililotokea, akajisemea moyoni kwamba mwanamke huyu ana roho ya jiwe.

Kesho yake Doña Casta alimwita kwenye kona alipokuwa akiuza api, ule uji mtamu wa mahindi meusi. Alimmiminia kikombe cha moto, akamwongezea na andazi la jibini, kisha akaanza kulia. "Sijililii mimi mwenyewe, mwanangu. Nawalilia wazee wasio na mtu."

Zunilda alikunywa uji ule huku hasira ikimpanda juu ya mama yake. Asubuhi iliyofuata alificha kibao kimoja chini ya kaunta, nyuma ya boksi la glavu, akampelekea Doña Casta alipokuwa akienda shule. Baadaye akaficha viwili, kisha vitatu. Hakujiona mwizi. Alijiona mtoto pekee mwenye huruma katika nyumba isiyo na huruma. Na watu wa mwisho kwenye foleni walipofika mlangoni, alijifunza kusema "vimekwisha" bila kupepesa macho.

Basi ikafika Jumatatu moja, siku ya watu wengi kwa sababu waliokuja kwenye gulio la Jumapili hulala mjini. Zunilda alikuwa ameshagawa vibao vyote vya mezani alipotokea kijana mmoja kutoka milimani. Jina lake Eleuterio. Alikuwa amefunga mtoto mgongoni kwa kitambaa cha sufu, na viatu vyake vilikuwa na matope ya barabara ya juu.

"Binti, naomba namba," alisema. "Tumeshuka na lori la kwanza. Mwanangu hapumui vizuri."

"Vimekwisha, kaka. Rudini kesho."

"Kesho tutalala wapi? Hatuna mtu hapa. Hebu angalia vizuri, hata kimoja."

Mtoto alikuwa akilia kilio chembamba. Mkono wa Zunilda ulisogea kidogo kuelekea boksi la glavu, halafu ukarudi. Akitoa kibao hapo chini, foleni nzima itaona, na mama yake atajua. Isitoshe, Doña Casta alikuwa akisubiri. "Nimeshasema vimekwisha," akarudia, safari hii kwa ukali, kwa maana mwongo akibanwa hukimbilia ukali.

Eleuterio alimtazama, akageuka, akaenda zake.

Zunilda alichukua vibao vyake vitatu, akaenda mbio mpaka kwenye kona. Pale alimkuta mwanamke mnene mwenye kofia mpya, anacheka mpaka machozi, amekumbatia kuku jike. Doña Casta alipokea kibao kimoja kutoka mkononi mwa Zunilda, akampa yule mwanamke, na mwenyewe akapokea kuku. Nyuma ya sufuria ya uji walikuwepo kuku wengine wawili waliofungwa miguu, na gunia la viazi.

"Mama, huyu ndiye mwenye magoti?" Zunilda alimuuliza Doña Casta.

"Magoti?" yule mwanamke akacheka tena. "Mimi nina sugu kwenye kidole cha mguu, mwanangu. Nataka itolewe kabla ya harusi ya mdogo wangu, la sivyo sitaweza kucheza!"

Zunilda alimgeukia Doña Casta. "Na huyo kuku ni wa nini?"

"Kuku ni shukrani," Doña Casta alijibu, akimsukumia kuku chini ya meza kwa mguu. "Mimi sijauza kitu. Nimemwomba mtu? Ametoa mwenyewe, kwa mikono yake."

"Ulisema wazee wasio na mtu!"

"Na huyu naye atazeeka! Punguza sauti, mtoto we, watu wanasikia."

"Wasikie!" Zunilda alipiga kelele. Alimpokonya yule mwanamke kibao, akamwacha na mdomo wazi na kofia imepinda. Nyuma yake Doña Casta alikuwa akiwaita watakatifu wote washuhudie jinsi binti wa ubatizo anavyomvunjia heshima, lakini Zunilda alikwisha fika mlangoni mwa kliniki.

Alivitupa vibao juu ya kaunta mbele ya mama yake na watu wote. "Nilikuwa navificha. Nampelekea Doña Casta. Leo nimemrudisha mtu mwenye mtoto mgonjwa, nikamwambia vimekwisha."

Chumba kizima kililipuka. Mzee mmoja aliinua fimbo. "Ndiyo maana! Wiki nzima narudi nyumbani bure!" Mwanamke mwingine alisema mtoto wa aina hiyo anastahili kuchapwa hadharani. Mama Remedios alikuwa amekunja taya. Alinyanyuka polepole, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Huyo mtoto ana nini?"

"Hapumui vizuri."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui. Labda kwenye malori."

Mama alimshika mkono, wakatoka mbio. Kituoni lori la milimani lilikuwa limeshawashwa, watu wamepanda, mizigo imefungwa. Mama Remedios alikwenda akasimama mbele yake, kifua mbele. Dereva akapiga honi.

"Piga mpaka iharibike!" mama akamwambia. "Huondoki."

Eleuterio alikuwa amekaa nyuma, juu ya magunia, mtoto mapajani. Zunilda alipanda gurudumu ili amfikie. "Kaka, shuka. Daktari atamwona sasa hivi."

"Ulisema vimekwisha."

"Nilikudanganya."

Kijana alimtazama kwa macho makali. "Alikuwa akilia pale mlangoni kwako. Sasa halii tena. Unafikiri amepona?"

Zunilda alimtazama mtoto. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya bluu, na mbavu zake zilizama ndani kila alipovuta pumzi.

Walipowafikisha kliniki, Daktari Ubaldina aliacha kila kitu. Alisikiliza kifua cha mtoto, akaagiza mtungi wa oksijeni na sindano. Ilikuwa nimonia. Mchana ulipofika, midomo ya mtoto ilianza kurudia rangi yake, na baada ya muda akalia kwa nguvu. Baba yake aliposikia kilio hicho aliweka paji la uso ukutani, akalia pia.

Daktari alitoka nje akiwa amekasirika. "Angepanda na lori lile mpaka juu, wangemshusha maiti," alisema, akaingia tena bila kusubiri jibu.

Mama Remedios alimgeukia binti yake. "Umesikia? Watu wanaamini kile kibao kuliko wanavyoniamini mimi. Wewe umekifanya kuwa kitu cha kubadilishana kwa kuku!"

"Nimekosa, mama," Zunilda alisema, machozi yakimtoka, lakini hasira ilikuwa bado imo. "Ila sheria yako nayo ni mbovu! Anayetangulia kufika ni mwenye sugu anayekaa barabara ya pili. Yule wa mlimani hawezi kutangulia hata siku moja. Hata nisingeficha kitu, pengine angekuta vimekwisha kweli."

Muuguzi aliyekuwa karibu alishika mdomo. Mama alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Hilo ni kosa langu," alisema. "Niliweka sheria iliyo rahisi kwangu. Kuanzia kesho muuguzi atapita kwenye foleni kabla ya vibao, na aliyezidiwa ataingia kwanza. Lakini sikiliza, Zunilda. Uliiona sheria ni mbovu, hukuniambia. Uliitoboa kwa siri ukawapitisha wenye kujuana. Mwenye duka akimdanganya mteja, mteja atakwenda duka la pili. Mgonjwa ukimdanganya, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kliniki ni biashara, sikatai, isipoendeshwa vizuri itafungwa. Lakini zamu ya mgonjwa haiuzwi, wala haitolewi zawadi, hata kwa mama wa ubatizo."

Siku mtoto aliporuhusiwa kuondoka, Zunilda aliwasindikiza mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa mgongoni mwa baba yake, amechangamka, anavuta kamba ya kofia ya baba. Zunilda aliinamisha kichwa. "Kaka Eleuterio, naomba unisamehe."

Kijana alikaza kitambaa kifuani. "Nitakusamehe," alisema. "Lakini si leo."

Akaondoka kuelekea kituoni. Zunilda alimgeukia mama yake, akitumaini kupata neno la kumpoza.

"Ana haki ya hasira yake," mama Remedios alisema, akimpangusa mtoto wake uso kwa kiganja. "Usimwombe aiache upesi kwa sababu wewe unaumia. Kesho alfajiri uwe mlangoni pamoja na muuguzi, na yule atakayekosa kibao, mweleze sababu ya kweli huku unamtazama machoni."