Sawa Haitoshi

Foleni ya duka la mikate ilikuwa imefika hadi barabarani. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, alipata huduma mwishowe.

"Mikate miwili, maziwa pakiti moja, nasubiri dirisha la pili," alimrudishia muuzaji maneno yake yote, neno kwa neno.

Nyuma yake dada mmoja mwenye gauni la kijani aliangua kicheko. Sauti ya kijana huyo alikuwa akiisikia masikioni karibu kila siku.

"Saba Nne," alisema, "hata mkate unauombea ruhusa ya kutua?"

Kijana aligeuka kwa mshangao. "Mnara? Kumbe una uso!"

"Ulidhani mimi ni redio?"

Kijana alikuwa rubani wa ndege ndogo ya abiria kumi na wanane, iliyoitwa Saba Nne redioni, na dada yule alikuwa mwongoza ndege katika mnara wa uwanja. Kazini, kila agizo analolitoa mnara lazima rubani alirudie ndipo lihesabike kuwa limesikika. Siku ile walitoka dukani pamoja, na mkate mmoja uliliwa njiani.

Miezi saba ikapita kwa furaha. Simu zao zilijaa utani. Lakini rubani alikuwa na kasoro moja: akivua sare, hakurudia tena kitu. Kila alichoambiwa alijibu, "Sawa, mpenzi."

"Jumapili saa kumi, kwa mama," dada alimwambia katika simu. "Baba mdogo naye anakuja kukuona. Usiniangushe."

"Sawa, mpenzi," alijibu, huku akisaini karatasi za mafuta ya ndege.

Jumapili hiyo mama alitandika kitambaa kipya mezani. Baba mdogo alikaa na koti lake zito hadi jasho likamtoka. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Rubani alikuwa angani, safari ya zamu ya mwenzake, simu imezimwa.

"Mwanangu," mama alisema akiondoa vikombe, "huyo mtu yupo kweli, au unaongea na redio?"

Maneno hayo yalimchoma. Siku tisa hakupokea simu ya rubani. Redioni alimpa maagizo ya kazi, basi. Usiku alipiga magoti akamwomba Mungu amwondolee uchungu ule, au amwondolee mapenzi, kimojawapo.

Siku ya kumi, mchana, Saba Nne ilitakiwa kumwita. Haikuita.

"Saba Nne, hapa Mnara." Kimya. "Saba Nne, unanisikia?"

Kimya. Chini, ndege kubwa ilikuwa inasogea kuingia kwenye barabara ya kurukia. Dada alimwita rubani wake. "Simama hapo ulipo. Usiingie barabarani."

"Nasimama hapa nilipo, siingii barabarani," rubani wa ndege kubwa alirudia.

Dada alichukua taa ya ishara, ile inayotumika redio ikishindwa. Mawingu yalikuwa mazito. "Ee Mungu," alinong'ona, "nimemnyima sauti yangu siku tisa. Usininyime yake."

Wingu likapasuka. Ile pale! Alielekeza taa ya kijani moja kwa moja kwenye kioo cha ndege, akaishikilia kwa mikono miwili. Sekunde tatu. Nne. Ndipo ndege ikatikisa mabawa, kushoto, kulia: nimeona, natua.

Magurudumu yalipogusa ardhi, dada alikaa sakafuni akalia, akicheka.

Baada ya zamu alimkuta rubani chini ya ngazi za mnara, kofia mkononi, shati limeloa.

"Nilipewa namba mpya ya masafa ya redio ya kukuita," rubani alisema. "Sikuirudia. Nilijibu 'sawa' tu, mawazo yangu yako kwako. Nikaweka namba isiyo sahihi. Nimeshaandika ripoti, kosa ni langu. Watu kumi na wanane, Mnara! Nilipoona ile taa..."

"Na mama yangu je?"

"Nilimfanyia hivyohivyo. Nilisema sawa bila kusikia. Nisamehe."

Dada alimtazama. Hasira aliyoitunza siku tisa aliitafuta, hakuiona.

"Jumamosi, saa kumi kamili, kwa mama. Njoo na mjomba wako. Vaa shati lililonyooshwa."

"Jumamosi, saa kumi kamili, kwa mama. Nakuja na mjomba wangu, nimevaa shati lililonyooshwa, kumposa binti."

"Hilo la mwisho sikulisema."

"Naomba ruhusa."

Alicheka, akamfuta jasho kwa kanga yake. "Umeruhusiwa."

Jumamosi walifika robo saa kabla. Mjomba alieleza haja yao kwa heshima, kisha wote wakamgeukia baba mdogo.

Baba mdogo alikohoa. "Sawa," alisema.

"Baba, sawa haitoshi!" wapenzi wawili walisema kwa pamoja.

Mzee aliwatazama, akavua lile koti, akaanza upya taratibu: "Mmekuja kumposa binti yetu. Tumesikia. Binti mwenyewe anataka. Nasi tumekubali."

"Sahihi!" mama aliitikia kutoka jikoni, vikombe vikilia mikononi mwake.