Wanafunzi Wangu Wote Walijua

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu. Nilikuwa nasimamia kikundi cha watu wanaosomea ushauri nasaha, ghorofani, juu ya duka la vitenge pale Mchafukoge. Humo ndimo nilimozikwa nikiwa hai!

Tulijifunza hivi: wawili wanakaa katikati, mmoja mshauri, mwingine anatoa tatizo lake, tena la kweli. Kutaja majina ya watu, marufuku. Na linalosemwa humu halitoki nje. Masharti hayo niliyaweka mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe!

Zuhura nilimpenda kuliko wote. Mpole, "shikamoo mwalimu" haimkauki mdomoni. Zamu yake ilipofika alilia sana. Alikuwa na mwanaume, mume wa mtu, anayemficha kama bidhaa ya magendo. Mshauri wake akakwama. Nikaingilia, nikamuuliza: wewe mwenyewe unataka nini? Akasema anataka kuolewa, ajulikane. Nikamwambia basi, kamwambie hivyo hivyo. Kikundi kikapiga makofi. Na mimi nikapiga... jamani!

Wiki iliyofuata niliugua, wakakutana bila mimi. Niliporudi walinipa pole, lakini kila nikimtazama mtu anainamisha macho. Nikadhani ni heshima, mjinga mimi!

Ijumaa moja mume wangu, Baba Nasra, anayeuza spea za magari kule mtaa wa Gerezani, alirudi kutoka msikitini. Akala pilau, akamaliza, akanawa. Kisha akasema anaongeza mke.

Nikamuuliza ni nani.

"Zuhura. Mnafahamiana."

Mnafahamiana! Nikakaa chini na sahani mkononi.

Siku ya kikundi nilikwenda. Zuhura hakuwepo. Nikawauliza wenzake, mlikuwa mnajua? Mzee Ngonyani, mtu mzima wa Songea niliyemheshimu kama baba, akajibu.

"Mwalimu, alimtaja siku ile unaumwa. Hata yeye ndiyo kwanza alikuwa amejua kuwa ni mumeo. Sasa tungefanyaje? Si wewe uliyetukataza kutoa maneno nje?"

Wote wale! Walikunywa chai yangu, wakanitazama usoni wiki baada ya wiki, nami nawasifu kwa kutunza siri! Na Zuhura, alipokwisha kujua, alishindwaje kurudi nyuma? Hivi hakuwa na hata chembe ya haya?

Ndoa imefungwa. Kikundi nimekiacha. Baba Nasra anakuja kwangu kwa zamu, nami nampakulia bila kumtazama.

Dada zangu, kaka zangu, mnaopenda kusikiliza shida za watu, nawasihi... Mtu akikulilia kuhusu mume wa mtu, usikimbilie kumtia moyo kama nilivyofanya. Siku ile nilimuuliza Zuhura anataka nini, lakini mke wa yule mwanaume sikumuulizia hata kwa neno moja. Na mke mwenyewe ni mimi!