Dawa Iliyozima Kikohozi cha Bibi Angetile

Kila Jumamosi Neli na bibi yake, Angetile, walifika sokoni Lyulilo, kando ya ziwa, kwa mtumbwi, wakapanga vyungu vyao juu ya nyasi kavu. Bibi alifinyanga. Neli, mwanafunzi wa darasa la sita, aliita wateja.

Jumamosi hiyo Bibi alikuwa na homa, na alikohoa njia nzima. Kilikuwa kikohozi kizito cha makohozi, kilichomkunja mgongo. Aliambiwa abaki nyumbani akakataa, maana kwa ukaidi hana mpinzani.

Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole, akainama kusikiliza kama kina ufa. Sasa nani atainama mbele ya mtu anayekohoa? Mama mmoja alirudisha chungu, akaziba pua kwa kanga.

"Chombo cha kupikia hicho! Siwezi!" akasema, soko zima likasikia.

Neli alipandwa na hasira. Alimkasirikia yule mama, kisha, aibu iliyoje, akamkasirikia bibi yake mgonjwa.

"Bibi, nyamaza basi! Unatufukuzia wateja!"

"Nikifunge kifua kwa kamba?" Bibi akafoka.

Jirani yao Jubilate, aliyeuza vyungu kando yao, akatoa chupa kikapuni. "Mpe hii. Niliandikiwa hospitali, kikohozi changu kikavu kikakatika mara moja."

Chupa ilikuwa na jina la Jubilate, na onyo kwamba asipewe mtu mwingine. Neli anajua kusoma vizuri sana. Hakusoma. Alimnywesha Bibi kijiko kimoja, na kikohozi kilipoendelea, akaongeza kingine.

Kikohozi kikakatika. Wateja wakarudi. Bibi akalala ameegemea kikapu, na hakuna aliyejali kumtazama, si Neli, si Jubilate. Aliyemtazama ni Tausi, mfanyabiashara kutoka Kyela mjini, alipoinama kugonga chungu.

"We mtoto! Mbona bibi yako anahema hivi?"

Kifua cha Bibi kilikoroma kama maharage yanayochemka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Walimwita, akafumbua macho kidogo, akayafumba tena. Neli akapiga kelele. Tausi akaita bajaji, wakambeba mpaka kituo cha afya.

Tabibu Anyitike alimwekea Bibi oksijeni kwanza, kisha akasoma ile chupa, ambayo Neli alikuja nayo. Uso ukamwiva.

"Nani kampa hii?"

"Mimi," Neli akajibu.

"Hii inazuia kukohoa! Kifua chake kimejaa makohozi, na kukohoa ndiyo njia ya kuyatoa. Umemfungia uchafu ndani! Tena dawa hii humlegeza mtu, akapumua kidogo kidogo. Mngechelewa, mngembeba maiti!"

Neli alilia kwa uchungu. Alijichukia.

Bibi alikutwa na nimonia, akaanza kutibiwa. Kesho yake aliketi kitandani, akakohoa kwa nguvu, akatema kwenye kopo. Jubilate alikuja na uji, hakuthubutu kuinua macho.

"Kikohozi kikavu na kifua kilichojaa si kitu kimoja," Tabibu akawaambia Neli na Jubilate, bado amekasirika. "Dawa ya daktari huandikwa kwa mtu mmoja na ugonjwa wake. Haigawanywi kama chumvi. Mgonjwa aletwe hapa!"

"Ndaga, Daktari," Bibi akashukuru. Kisha akamkazia macho mjukuu wake.

"Na wewe Neli, sikia. Chungu kisiponunuliwa leo kitanunuliwa Jumamosi nyingine. Mimi nikifa leo, Jumamosi nyingine utauza vya nani?"