Mfuko wa Ndani wa Mama Fundi

Saa mbili asubuhi cherehani ya Mama Fundi huwa imeshaanza kelele zake. Chumba chake ni kidogo: meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na vipande vya nguo hadi mlangoni. Kwa ushonaji, mama huyu hana mpinzani. Ukitaka kufumua mshono wake, utaumia vidole.

Lakini siku hiyo alikuwa amenuna. Shule ya karibu ilitaka sare mia mbili, kila moja na nembo iliyodariziwa mfukoni. Mashine ya kudarizi aliyoihitaji ilikuwa ikiuzwa nchi jirani, safari ya siku nzima kwa basi. Mwezi uliopita aliifuata, akarudi mikono mitupu. Pesa zilipelea.

"Mwalimu mkuu amenipa wiki mbili," alimwambia mteja wake, karani wa benki aliyekuja kujaribu gauni. "Nisipoipata mashine, kazi inakwenda kwa mwingine. Na pesa zilitosha kabisa! Sijui zimekwenda wapi."

"Ulizibeba mkononi?"

"Thubutu! Zilikuwa benki. Nilizitoa hukohuko kwa kadi, kidogo kidogo, kwa kuogopa wezi. Siku tatu, mara tisa."

Karani aligeuka ghafla hata pini ikamchoma.

"Mara tisa, Mama Fundi? Basi makato ndiyo yaliyokumaliza. Ukitoa pesa nje ya nchi, benki yako inaweza kukukata kila unapotoa. Mwenye ile mashine ya kutolea pesa naye anaweza kukata yake. Hata ukitoa kidogo, mara nyingi ada iko palepale."

Mama Fundi akaketi. Alijikasirikia mwenyewe, tena sana.

"Na hiyo mashine ya pesa iliniuliza, nikate kwa pesa za kwenu? Nikasema ndiyo. Nilifurahi hata, nikaona inatujali!"

Wote wawili wakacheka.

"Siku nyingine kataa," alisema karani. "Chagua pesa za nchi uliyopo. Ukichagua za kwetu, wao ndio wanaopanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi ni ghali."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Kabla ya safari, uliza benki makato ni kiasi gani, na mashine zipi za kutolea pesa huko zina nafuu. Uliza pia ada ya kulipa kwa kadi. Ikiwa ndogo, lipia mashine yako ya kudarizi kwa kadi palepale dukani. Pesa za chakula na malazi, toa mara moja tu."

"Mara moja! Na wezi je?"

Karani alishika bitana ya gauni lake. "Kwani hapa fundi ni nani?"

Mama Fundi aliitazama bitana ile. Kisha akatabasamu, akachukua mkasi.

Jioni alikuwa ameshona mfuko ndani ya kiuno cha sketi yake, wenye zipu na mishono miwili. Mumewe aliugeuza huku na huku asione ulipoanzia.

"Mke wangu, hata mimi mwenye nyumba siuoni!"

"Ndiyo maana yake," alijibu.

Kesho yake alikwenda benki kurudisha pesa zilizobaki pamoja na mapato ya mwezi huo, na maswali yake kwenye karatasi. Akajibiwa yote. Wiki hiyohiyo akasafiri. Alitoa pesa mara moja, akazifungia kiunoni. Dukani alilipa kwa kadi. Kimashine cha kadi cha muuzaji nacho kikauliza swali lilelile.

"Pesa za hapa!" alisema kwa sauti, hadi wateja wakageuka.

Safari hii alirudi na mashine ya kudarizi, na nyuzi za rangi sita juu yake. Mumewe alibeba boksi kutoka kituoni akijigamba utadhani ameinunua yeye. Karani alipokuja kuchukua gauni lake, alikuta mfuko wa ndani ambao hakuuagiza wala hakuulipia.

Shule ilipofunguliwa, watoto walipita mbele ya mlango wa Mama Fundi na sare zao mpya. Nembo zilikaa sawasawa, kila moja mahali pake. Yeye alisimamisha cherehani, akatoka nje, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Unamtafuta nani?" mumewe aliuliza.

"Simtafuti mtu," alisema. "Natazama kazi yangu."