Vema Zote za Mwalimu Zenon

"Kumi kwa kumi, Angela. Vema zote."

Mwalimu Zenon alirudisha daftari mezani, mjukuu wangu akalikumbatia kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa pembeni, ungo mapajani, napukuchua mahindi. Kwetu kijana hafungiwi chumbani na binti wa watu hata kama ni mwalimu. Kwa hiyo kila siku ya tuisheni mwanangu Gaudensi, baba yake Angela, aliniweka pale niwe macho yake.

Angela alifeli Kiingereza kidato cha nne. Chuo cha uuguzi kule Mbeya walimwambia lete Kiingereza, nafasi ipo. Akawa anarudia mtihani. Miaka ile tuisheni ilikuwa biashara, kila kona ya Sumbawanga kibao, lakini Zenon, kijana wa Matai, alikuja nyumbani kwetu Chanji bila kutoza kitu. Sababu yake tuliijua wote, hata kuku walijua.

"Haya, mume wangu," nilimwambia kwa utani, maana mume wa mjukuu ni mume wangu pia, "mmesoma weee, mimi nasikia sauti tu. Hiyo habari inasema nini?"

"Ni ndefu, bibi."

"Mahindi nayo ni mengi. Angela, nisimulie."

Angela akafungua kitabu. "Kuna mlinzi wa daraja. Na dereva wa lori. Na... mto."

"Enhe. Mlinzi kafanyaje?"

"Alisimama."

"Kisha?"

"Lori likaja."

"Daraja likavunjika, halikuvunjika?"

Angela akamtazama Zenon. Zenon akatazama saa yake.

"Mwenzangu, umepata vema zote na hujui kama daraja limevunjika?"

"Bibi, maswali hayakuuliza hivyo!"

Zenon akaaga. Chai yake aliiacha nusu.

Kesho yake akaja Cornelia kuazima ungo. Cornelia alifeli pamoja na Angela, naye pamoja na wengine alifundishwa na huyohuyo Zenon kwenye ukumbi wa parokia. Akaliona daftari.

"Wee! Kumi? Tena kumi? Unafanyaje, shoga?"

"Rahisi. Unaangalia neno la kwenye swali, unalitafuta kwenye habari. Ukilikuta, sentensi ile unainakili yote."

Cornelia akaweka ungo chini. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna. Nilifanya, akaweka vema."

"Sisi akiona umenakili anapiga mstari mwekundu ukurasa mzima! Anatufungisha kitabu, unasimama mbele unasimulia kwa maneno yako. Juzi kanipa mbili. Anasema kwenye mtihani swali wanalivalisha maneno mengine, ukitafuta neno hulioni."

"Kakwambia hivyo lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Kisha akacheka. "Labda mpenzi ana mtihani wake mwenyewe. Wengine tunasoma, wengine mnapendwa."

Angela hakucheka. Cornelia alipoondoka, alichukua kitabu na kamusi ya baba yake, akakaa juani, maana baridi ya mwezi wa saba huku kwetu haina adabu. Hakunakili kitu. Alisoma mstari, akafumba macho, akausema kwa Kiswahili, na kidogo kwa Kifipa pale Kiswahili kilipomgomea. Alirudia siku mbili tatu. Halafu akaja jikoni.

"Bibi, daraja lilivunjika."

"Maskini. Na dereva?"

"Alivunjika mguu. Mlinzi ndiye aliyemwambia pita."

"Hakujua kama limeoza?"

"Alijua."

"Imeandikwa hivyo?"

"Haijaandikwa popote. Lakini asubuhi ile mbuzi wake mwenyewe aliwavusha majini, pembeni ya daraja. Kwa nini awaloweshe mbuzi kama daraja ni zima?"

Niliacha kusonga ugali. Mtoto alikuwa ameelewa. Uso wake lakini haukuwa wa mtu aliyefurahi.

"Bibi, na Zenon alijua. Wale wa parokiani anawapitisha njia nyingine."

Zenon alipokuja, alibisha hodi kama kawaida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mume wangu sikuongeza.

Angela alikuwa amekaa, kitabu kimefungwa. "Leo nauliza mimi, mwalimu. Cornelia anapata mbili, mimi kumi. Nani kati yetu atafaulu?"

"Angela, hilo..."

"Jibu kwa kifupi."

Zenon akakaa. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mahindi yangu.

"Cornelia," alisema.

"Ulijua kwamba mimi nitafeli?"

"Nilijua."

"Kwa nini, Zenon?" Ilikuwa mara ya kwanza mbele yangu kumwita jina tupu.

"Ukifaulu unakwenda Mbeya. Miaka mitatu. Dada zako wangapi wametoka hapa wakasema watarudi? Nikawaza, akikosa tena atabaki. Nitatuma mshenga, tutajenga, tutaishi vizuri."

"Ungenioa ninalia."

"Ningekubembeleza."

"Ungebembeleza kidonda ulichokichimba wewe!"

"Nakupenda, Angela."

"Hilo halikuulizwa."

Mlango ulikuwa wazi, Angela akautazama. Zenon akaokota begi lake akatoka.

Zikapita siku Zenon haonekani. Angela alijaribu kusoma peke yake. Penye habari ngumu alikwama, akatupa kamusi, akaiokota. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na hakuna mwalimu mwingine aliyemwamini. Mimi kwa Gaudensi nilifunga mdomo, maana Angela aliniomba. Gaudensi angempiga yule kijana kwa mpini wa jembe, tukabaki na kesi na Kiingereza hatuna.

Jioni moja tunakula, simu ya Gaudensi ikalia. Alikuwa ameinunua karibuni, na kila ujumbe aliusoma kwa sauti kama tangazo la kanisani.

"'Shikamoo mzee. Naomba umwambie Angela nimeacha vitabu vya mazoezi kwa Cornelia. Nimekosa.' Kakosa nini? Kwani mwalimu haji tena?"

Angela akanawa mikono. "Mjibu, baba. Mwambie aje."

"Aje tu?"

"Aje, lakini anifundishe kama mtu anayetaka niondoke."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Iandike hivyohivyo, baba."

Gaudensi akaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja, ananung'unika, "Kama... mtu... anayetaka... niondoke. Vijana wa siku hizi mna Kiswahili kigumu kuliko hicho Kiingereza."

Zenon akaja. Hakunywa chai, hakutabasamu. "Funga kitabu. Simama. Simulia."

Siku ile alimpa tatu. Angela alilia mbele yake, naye akangoja amalize, akasema, "Sentensi hii ni yako au ya kitabu?"

"Ya kitabu."

"Futa."

Wakaendelea hivyo mpaka mahindi ya kupukuchua yakaniishia, nikahamia kwenye ulezi. Mara nyingine nilimwonea huruma huyo kijana. Kila mara Angela alipojibu vizuri, mwalimu alifurahi kisha akanywea, kama mtu anayepakia mzigo wake mwenyewe kwenye gari la mwingine.

Siku moja walirudia ile habari ya daraja.

"Kwa nini mlinzi hakusema ukweli?"

"Aliogopa."

"Onyesha mstari."

"Hakuna mstari, mwalimu. Woga wake unaujua mwenyewe."

Zenon akakohoa. "Sahihi," akasema, akaweka vema.

Angela akafanya mtihani. Masika majibu yakatoka, Kiingereza amepata C. Gaudensi alichinja jogoo. Cornelia naye alifaulu, akaja na vigelegele vyake mpaka majirani wakadhani ni harusi.

Kabla ya safari, Mzee Urbano, fundi seremala, akafika amevaa koti. Tukajua katumwa. Alikaa kwenye kigoda, akatoa kifurushi cha posa cha kitambaa cheupe, akaanza maneno ya mshenga.

"Tumeona ua kwenye boma lenu..."

Koti lake likaanza kulia.

"Mzee Urbano!" Gaudensi alifoka. "Posani unakuja na simu?"

"Nisamehe, kaka. Ni huyuhuyu kijana. Toka asubuhi ananipigia, moyo umemtoka." Akapokea. "Sijafika popote, bwana! Ua ndiyo kwanza nimeliona!"

Kwa desturi, kifurushi baba hakigusi mpaka binti aulizwe. Gaudensi akamwita Angela.

"Huyu mzee kaja kwa niaba ya mwalimu. Unamjua mwalimu?"

"Namjua, baba. Vizuri kuliko mnavyomjua ninyi."

"Tupokee, tusipokee?"

Angela akanitazama. Sikumsaidia. Akanyoosha mkono kwa Mzee Urbano. "Babu, naomba hiyo simu."

Gaudensi akafungua mdomo. Nikamgusa goti, akaufunga.

"Zenon?"

Simu zile zilikuwa na sauti kubwa, tulisikia wote.

"Ndiyo."

"Jumatatu nakwenda Mbeya."

"Najua."

"Miaka mitatu."

"Najua, Angela."

"Sijauliza kama unajua. Umekubali?"

Mzee Urbano akafuta jasho, na hali ya hewa ilikuwa baridi. Kisha sauti ya Zenon ikaja, ndogo.

"Inaniuma. Nenda. Sanduku lako nitalibeba mimi mpaka stendi, na likizo nitakuwa palepale kulipokea."

"Na nikikaa zaidi?"

"Nitakufuata nikuulize. Sitakuziba njia tena."

Angela alirudisha simu kwa mwenyewe. Alipiga goti mbele ya baba yake kama tulivyomlea.

"Baba, pokea."

Gaudensi akanyoosha mikono miwili, akakichukua kifurushi.