Dawa ya Muguka Kwenye Mahindi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia zizi la mbuzi, hapo kwetu Gachoka. Kufagia nilikuweza. Kubeba ile mbolea hadi shambani ndiko kulikonishinda! Lakini Mama alikuwa amevunjika mkono, na siku ya kupanda aliniambia, "Ruguru, kila shimo litie mbolea. Chakula chetu ni hayo mahindi."

Nilitia mistari mitatu ya mbele, ile inayoonekana kutoka nyumbani. Mingine nikaipanda hivi hivi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

Njia ya mwongo ni fupi. Mahindi yalipofika magotini, mistari ya mbele ilikuwa kijani, ile mingine manjano. Niliogopa sana. Nikakumbuka dawa ambayo mjomba Bundi hunyunyizia muguka wake, ile miraa ya kutafuna majani, ili uchipue upesi. Nikachota kidogo kwa siri, nikayanyunyizia yale ya manjano.

Baada ya siku kumi yalikuwa yameyapita ya mbele kwa urefu. Mama akafurahi. "Mkono wako una baraka, mwanangu." Nilitazama chini.

Kisha upepo ukavuma alasiri moja, na mahindi yale membamba yakalala. Mama alisimama shambani na mkono wake uliofungwa. "Sasa tutakula nini?" aliuliza. Nikaangua kilio, nikamwambia yote.

Hakunichapa. Alinipeleka kwa Mwalimu Misheck, anayetufundisha kilimo.

"Dawa ile ni homoni," Mwalimu alieleza. "Homoni huuambia mmea chipua, refuka. Lakini si chakula. Mmea wenye njaa hupunguza homoni zake wenyewe ili ukue polepole usife. Wewe umeulazimisha ukimbie na tumbo tupu."

"Kwani yamekufa, Mwalimu?"

"Bado. Yalishe."

Wiki nzima nilibeba mbolea iliyooza, ndoo baada ya ndoo. Niliitia kando ya kila shina, nikainua yaliyolala na kuyapandishia udongo. Mgongo uliniuma, lakini majani mapya yalitoka kijani. Tukavuna magunia matatu. Mwaka uliotangulia tulipata matano.

Tukipukuchua, Mama alisema, "Mmea wenye njaa haudanganywi, Ruguru. Siku nyingine ukichoka, niambie umechoka, tutamwita jirani atusaidie. Ukiniambia umemaliza, nitakusaidia nini?"